Shule ya Kulipa na Cheti cha Kompyuta
Wazazi wengi huuliza: je, yafaa kumlipia kijana shule ya ufundi ili apate cheti cha CCNA, kile cha mafundi wa mitandao ya kompyuta? Jueni kwanza kwamba shule haitoi cheti hicho. Hutolewa na kampuni ya Cisco, kwa mtihani mmoja wa dakika 120, wala si sharti kusoma shuleni kabla ya kuufanya. Tena hudumu miaka 3 tu, asipokihuisha.

Basi shuleni mnanunua nini? Mazoezi ya mikono. Kijana aunganishe nyaya, akosee, atengeneze, mwalimu akimtazama. Shule isiyo na vyombo, hata jengo likipendeza namna gani, haimpi zaidi ya kitabu. Ulizeni pia kama ada ya mtihani imo katika malipo, kabla ya kutoa faranga hata moja.