Kabla hujaposti picha ya zamani ya shosho, igeuze nyuma

Hebu niambie, unajua jina la mama yake nyanya yako? Si la nyanya, la mama yake. Mimi sikulijua hadi mwaka jana, na nilifika hapo kwa sababu ya picha moja tu niliyotaka kuposti Alhamisi nipate laiki kadhaa.

Ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti kwa shosho, Murang'a. Nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko simu yako, kingo zimekatwa kama meno ya msumeno. Guka amesimama na koti linalompwaya mabegani. Shosho ameketi, mrembo ajabu, amepakata mtoto mchanga. Nyuma kuna muhuri wa studio ya Nakuru, na mtu ameandika kwa penseli: 1952.

Sasa piga hesabu nami. Shangazi, anayejulikana kama kifungua mimba wa nyumba hiyo, alizaliwa 1959. Huyo mtoto wa 1952 ni wa nani?

Nilimuuliza baba, akasema labda ni wa jirani. Shangazi akasema picha zingine si za kuulizauliza. Ukiona wazee wanabadilisha mada hivyo, jua umegusa kitu.

Nikaanza na picha yenyewe. Usiamini nguo. Wapiga picha wengi wa zamani walikuwa na makoti, saa na maua ya plastiki ya kumpa mteja apigie pozi. Ndizo zilikuwa filta zao. Amini muhuri na mwandiko wa nyuma. Na tafadhali, kama picha imegandia kwenye albamu usiibandue kwa nguvu. Ipige na simu hapo hapo karibu na dirisha, bila flashi, na kama iko huru ipige pande zote mbili.

Kwenye mkebe ule ule kulikuwa na kipande cha guka. Kama hujawahi kukiona: kuanzia mwaka wa 1920 hivi, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kutembea nacho, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wazee wetu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Kina alama za vidole, kabila, mwajiri, mshahara, siku ulipoanza kazi na siku ulipoachishwa. Kiliundwa kumchunga guka kama mfugo, halafu miaka yote hii baadaye kikanisaidia mimi, manake kilionyesha alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu karibu na Njoro. Ndiyo maana picha ni ya Nakuru.

Cha shosho je? Hakuna. Wanawake hawakuwa na kipande, na hata baada ya uhuru hawakuanza kusajiliwa kwa vitambulisho hadi 1978. Mtu amelima, amezaa, amefukuzwa, amejenga upya, na serikali haina karatasi yake hadi anapita miaka arobaini. Ukitafuta wanawake wa kwenu, jaribu vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani, manake humo huandikwa mtoto na wazazi wote wawili. Kwangu havikufaa. Wakati huo shosho hakuwa mtu wa kanisa.

Basi nikaingia Nyaraka za Kitaifa. Ni lile jengo la Moi Avenue, mkabala na iliyokuwa Hilton, ambapo sote tumewahi kusimama tukimngoja mtu anayesema "niko karibu" na bado yuko kwa matatu. Wengi hudhani ni zile sanaa za Murumbi tu. Kuna chumba cha kusomea pia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikadhani nitaitishwa barua ya profesa. Wapi! Kitambulisho, ada kidogo, unaketi. Lakini jua majina ya kale kabla ya kwenda. Nilipoteza siku nzima nikitafuta Murang'a kumbe wakoloni waliandika Fort Hall. Nyahururu nayo ni Thomson's Falls.

Ripoti za wilaya zilinipa picha kubwa. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wakikuyu wengi waliokuwa kwenye mashamba ya Rift Valley wakarudishwa kwa nguvu. Kuanzia 1954, zaidi ya watu milioni moja wakasukumwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa, vingi vikiwa na mitaro na amri ya kutotoka nje. Nambari zipo, majina hakuna. Na kuna faili waliondoka nazo: mwaka wa 2011 Uingereza ilikiri kuwa ilikuwa imeficha za Kenya kama 1,500 mahali panapoitwa Hanslope Park. Siku hizi ziko Kew, London. Nauli sina.

Kilichofungua mambo hakikuwa karatasi. Ni majina. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili la mama yake mama. Siku moja nikamuuliza shosho tu, mamako aliitwa nani? Akanitajia jina la shangazi.

Tulia hapo kidogo. "Kifungua mimba" ana jina la binti wa pili. La binti wa kwanza halina mtu katika nyumba yote.

Nikatoa picha. Shosho alikuwa akichambua maharagwe, na akaendelea kuchambua. "Mume wangu," akasema (nimebeba jina la guka, ndivyo huniita), "hiyo nilidhani ilichomwa."

Alikuwa msichana. Walipofukuzwa Njoro shosho alikuja naye mgongoni, na guka akaishia kizuizini. Mtoto alifia kijijini 1955, kwa njaa na kuhara, akiwa ameshajua kubeba kibuyu chake kidogo cha maji. Alizikwa pamoja na wengine karibu na mtaro. Leo hapo kuna majani chai ya mtu.

Guka aliporudi 1958 ndipo alipojua. Shangazi alipozaliwa alitaka jina lirudiwe. Shosho akakataa. "Lilikuwa na mwenyewe," akaniambia.

Nilimuuliza kama naweza kurekodi, akasema kesho. Kesho yake alizungumza saa mbili, akachoka, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Ana miaka tisini na kitu. Wewe wako ana mingapi?

Jina nimeliandika nyuma ya picha kwa penseli, shosho akinitajia herufi kwa herufi. Hapa sitaliweka, amekataa. Picha pia sikuiposti. Shangazi alipiga simu wiki jana kuniomba nakala.