Namanga: Ng'ombe hufuata bei, faida hufuata kibali

Na Mwandishi Wetu

NAMANGA, mji uliogawanywa na mpaka kati ya wilaya ya Longido mkoani Arusha na Kajiado nchini Kenya, ni soko moja lenye serikali mbili. Wamasai wa pande zote mbili ni ndugu. Wanaoana, wananywesha mifugo pamoja na kuuziana. Mteja hakosekani hapo. Kinachomwangusha mfanyabiashara ni amri inayobadilika wakati mzigo wake uko njiani.

Ng'ombe wa Longido wana soko Nairobi, ambako machinjio hupokea mifugo ya Kajiado na ya ng'ambo ya mpaka. Bei ya nyama Nairobi inapopanda, au shilingi ya Kenya inapopata nguvu dhidi ya ile ya Tanzania, mifugo huelekea kaskazini. Ukame unapobana Kajiado mkondo hugeuka. Wafugaji hushusha mifugo kusini kutafuta malisho, na wanaolazimika kuuza huambulia bei ya kutupa kwa kuwa kila mtu anauza siku moja.

Wanyamapori na watalii

Wanyamapori nao wana njia zao. Hifadhi ya Amboseli, yenye kilometa za mraba 392 tu, haiwatoshi tembo wake. Huvuka mpaka hadi Enduimet, magharibi mwa Kilimanjaro, wakipita katika malisho ya wafugaji. Upande wa Kenya, ranchi za jumuiya zinaendelea kugawanywa viwanja. Anayenunua kiwanja kwa matumaini ya kambi ya watalii aangalie kwanza majirani wanazungushia nini, kwani uzio ukifunga njia ya tembo, mtalii naye hana la kufuata huko.

Mtalii havuki kirahisi kama tembo. Njia ya Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, imefungwa kwa watalii tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika. Anayetaka kuziona mbuga zote mbili kwa barabara huzunguka kupitia Namanga au Sirari. Mzunguko huo ni gharama kwa kampuni za utalii, lakini ni riziki kwa mama muuza shanga, mwenye hoteli na mbadilisha fedha.

Hasara ya amri

Oktoba 2017 ilikuwa funzo. Serikali ya Tanzania ilinadi ng'ombe 1,325 wa wafugaji wa Kenya waliokamatwa wakilisha ndani ya nchi. Siku chache baadaye vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali viliteketezwa kwa moto Namanga, kwa hofu ya ugonjwa. Mtaji wa watu uliyeyuka kwa siku moja.

Desemba 2018 marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani hapo Namanga, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Foleni ni jambo moja, sera ni jingine. Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti. Julai 2025 Tanzania nayo ilipiga marufuku wageni kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwamo kuongoza watalii na kununua mazao shambani.

La kufanya

Mfanyabiashara mdogo anao unafuu ambao wengi hawautumii. Bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki na zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapo mpakani. Cheti hicho hakiondoi kibali cha afya ya mifugo wala cha mazao.

Njia za panya zinaonekana rahisi kwa sababu hesabu yake haiweki hatari. Mwenye ng'ombe kumi akipitisha makundi kadhaa salama na kunaswa mara moja, mnada mmoja unameza faida yote ya nyuma pamoja na mtaji. Kabla ya kununua Longido kwa ajili ya Nairobi, weka gharama ya vibali ndani ya bei yako. Kama faida haibaki baada ya hapo, ng'ombe huyo si wako kununua.