Risasi ya Kiboko na Nyati: Kwa Nini Si Kila Bunduki Yafaa

Wakulima wa mwambao wa ziwa, tangu Kendu Bay mpaka Muhuru, wamjua kiboko kuliko wanavyopenda kumjua. Mchana hukaa majini, na usiku hutoka kula majani. Akikuta mahindi machanga njiani, kwake ni malisho tu. Wenzao wa bonde la Lambwe, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruma, wamjua nyati hali kadhalika. Kila msimu wa mahindi swali moja hurudi katika ofisi za kilimo za Homa Bay na Migori: kwa nini polisi wa karibu, naye ana bunduki, asimpige mnyama huyu mara moja? Mbona twaambiwa tumngoje askari wa wanyamapori na bunduki yake moja nzito?

Jibu limo katika risasi yenyewe. Yafaa kila mkulima alijue, maana nyati aliyejeruhiwa na kuachwa kichakani ni hatari kuliko nyati kumi wazima, na atakayekutana naye asubuhi ni mtoto aendaye shule au mama aendaye mtoni.

Risasi ina sehemu nne

Watu husema "risasi" kana kwamba ni kitu kimoja, lakini ina sehemu nne. Kwanza kuna ganda la shaba. Ndani ya ganda mna baruti. Kitakoni mwa ganda pana fataki, ambayo hugongwa na bunduki na kuiwasha baruti. Mbele pana kichwa, nacho ndicho kinachoruka na kumpiga mnyama. Ganda hubaki nyuma. Kwa hiyo atakaye kuchagua risasi hujiuliza mambo matatu: kichwa ni kipana kadiri gani, ni kizito kadiri gani, na kimetengenezwa namna gani.

Upana hutajwa kwa sehemu za inchi. Risasi iitwayo .375 ina kichwa chenye upana wa sehemu 375 za inchi iliyogawanywa mara 1,000, yaani karibu milimita 9 na nusu. Ile ya .458 ni karibu milimita 11 na nusu. Lakini tusiyaamini majina kupita kiasi. Ile .404 ya kampuni ya Jeffery, ambayo idara za wanyama za Afrika Mashariki zilipata kuitumia sana, kichwa chake kikipimwa ni .423.

Nguvu zake zilinganishwe na gunia

Wataalamu hupima nguvu za risasi kwa hesabu ya uzito na mwendo. Sisi tutumie gunia la mahindi la kilo 90. Tuulize: gunia hilo lingeanguka kutoka juu kiasi gani ili lishuke kwa nguvu sawa na za risasi itokapo mtutuni?

Risasi ya bunduki aina ya AK-47 ni sawa na gunia lililoanguka kutoka mita 2 na kidogo.

Risasi ya .303, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1888, na ambayo askari wa KAR waliichukua vitani, ni sawa na mita 3 na nusu.

Risasi ya .375 ya Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, ina kichwa cha gramu 19 na zaidi. Hiyo ni sawa na mita 6 na nusu.

Risasi ya .458 ya Winchester, iliyotolewa mwaka 1956, ina kichwa cha gramu 32. Ni sawa na mita 7 hivi.

Risasi ya .416 ya Rigby ya mwaka 1911, na ile ya .470 ya bunduki za mitutu miwili, ni sawa na karibu mita 8.

Sasa tumwangalie mnyama mwenyewe. Dume la nyati huweza kupita kilo 700. Dume la kiboko huweza kufika kilo 1,500 na zaidi, ngozi yake ina unene wa sentimita kadhaa, na ubongo wake ni mdogo, umefichwa ndani ya fuvu kubwa la mfupa mzito. Bunduki ya polisi ilitengenezwa kwa ajili ya mwanadamu wa kilo 70. Ikimpiga kiboko itamwumiza, lakini kumwumiza si kumwua.

Kichwa laini na kichwa kigumu

Hata hivyo nguvu peke yake hazitoshi. Mtu aweza kupiga ubao kwa nyundo siku nzima asiutoboe, lakini akiweka msumari kazi imekwisha. Jambo kubwa ni kwamba kichwa cha risasi kifike ndani panapotakiwa.

Vichwa vya risasi za kuwindia ni vya namna mbili. Cha kwanza ni kichwa laini. Ndani yake ni madini ya risasi, nje kimefunikwa kwa shaba, lakini ncha imeachwa wazi. Kikiingia mwilini ncha hubonyea na kufunguka kama uyoga, na jeraha huwa pana. Kwa swala na kwa simba hiki ni kizuri, maana mnyama hufa upesi. Lakini kikigonga mfupa mzito wa nyati au fuvu la kiboko, kichwa laini cha namna ya zamani huvunjika vipande kabla ya kufika ndani.

Cha pili ni kichwa kigumu. Hiki hakifunguki. Zamani kilivikwa koti la chuma pande zote isipokuwa kitakoni, na siku hizi vingi huchongwa kwa shaba tupu. Ncha yake ni ya mviringo au bapa, wala si kali kama sindano. Chapita katika mfupa bila kupinda njia. Kwa kiboko na tembo ndicho kinachotakiwa. Kwa nyati, desturi ya wawindaji wengi ilikuwa kupiga kwanza kichwa laini kilicho imara, kisha vichwa vigumu vikifuata, kwa kuwa nyati aliyekwisha pigwa ama hugeuka kukimbia ama huja moja kwa moja, na hapo risasi yapaswa kupita katika nyama na mifupa mingi.

Risasi za kijeshi nazo zimevikwa koti, lakini zisidhaniwe kuwa ni vichwa vigumu vya namna hii. Ile ya .303 iliyotumiwa katika vita vikuu viwili ilikuwa na ncha kali, na ndani ya ncha hiyo mlijazwa kitu chepesi kama alumini. Kwa hiyo uzito ulikuwa nyuma, na ikigonga mwili ilipinduka. Risasi inayopinduka haifuati njia iliyoelekezwa.

Mfano wa Bwana Bell

Wako watakaosema kwamba Mzungu mmoja, W. D. M. Bell, aliwapiga tembo zaidi ya 1,000 kwa bunduki ndogo. Ni kweli. Bell aliwinda Karamoja, Uganda, na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, na bunduki aliyoipenda ilikuwa ya .275, ndogo hata kuliko .303. Lakini tutazame alivyofanya. Alitumia vichwa vigumu, virefu na vyembamba, vilivyopita katika mfupa bila kupinda. Tena alipasua mafuvu ya tembo ili ajue hasa mahali ubongo ulipo, akapiga hapo tu. Mfano wake watufundisha kwamba kichwa kigumu na shabaha ni bora kuliko kishindo. Hautufundishi kwamba bunduki yoyote yatosha mkononi mwa mtu yeyote.

Basi ipi bora?

Katika risasi zote za zamani, ile ya .375 ndiyo iliyosifiwa na wengi, na katika nchi kadhaa za Afrika ndiyo ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa wanyama wa hatari. Sababu yake ni kipimo cha katikati. Ina nguvu za kutosha kwa kiboko ikitiwa kichwa kigumu, na haisukumi bega kwa ukali kama zile kubwa. Mtu aogopaye teke la bunduki yake hufumba macho wakati wa kuvuta kiwambo, na risasi yake huenda pasipojulikana.

Ile ya .458 ilipendwa na idara za wanyama kwa kuwa bunduki zake zilikuwa rahisi kuliko zile za mitutu miwili zilizotengenezwa kwa mkono. Nayo ilikuwa na kasoro: ganda lake ni fupi, na baruti ilishindiliwa sana ndani. Risasi za miaka ya mwanzo zilipokaa muda mrefu mahali pa joto, baruti iliweza kugandamana na kuwaka vibaya. Maganda makubwa ya .416 na .470 yalitengenezwa makusudi yawe na nafasi, ili joto la nchi zetu lisizidishe mkandamizo ndani ya bunduki.

Sababu ya askari kungoja

Kichwa kigumu kina hatari yake. Chaweza kupita katika mnyama, kikatoka upande wa pili na kuendelea na safari. Mashamba ya Karungu na Mbita si pori tupu, kuna nyumba kila upande. Ndiyo sababu askari huwafukuza watazamaji, na pengine humwacha mnyama mpaka asimame penye kilima au ukingo wa udongo nyuma yake. Tena kiboko akifa majini huzama, na huelea baada ya saa moja au zaidi. Asiyejua hudhani amekosa, akaingia majini kutazama. Asifanye hivyo.

Yatupasayo sisi wakulima

Uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku Kenya mwezi Mei mwaka 1977, na marufuku hiyo ingalipo. Kupewa leseni ya bunduki si kupewa ruhusa ya kuwinda. Wenye magobori, marisaa na mitego ya waya wajue kwamba vitu hivyo huacha majeruhi tu. Huko Ruma, palipofanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1966 na hifadhi ya taifa mwaka 1983, ndipo walipo korongo wa mwisho wa porini katika Kenya yote, wale ambao Wajaluo huwaita omoro. Waya uliotegewa digidigi hauchagui mguu wa kunasa.

Kwa hiyo shikeni haya. Msisimame kati ya kiboko na maji, wala msimfuate nyati aliyejeruhiwa. Pelekeni habari upesi kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, au kwa chifu, mkieleza mahali, saa, na kama mnyama ana jeraha.

Shamba likiharibiwa, liacheni lilivyo mpaka likaguliwe, kisha jazeni fomu ya madai. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika orodha yake, shilingi 3,000,000 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na mpaka shilingi 2,000,000 kwa majeraha mengine. Mazao nayo yamo, kwa bei ya soko, lakini hapati kitu yule asiyechukua hatua ya kulinda shamba lake. Basi zungusheni boma au mtaro, na mahindi yaliyo karibu na maji yawe na mlinzi mwenye taa na debe la kupigia kelele, asimame mbali na njia ya kiboko.

Bunduki ya kiboko ni kazi ya aliyefundishwa. Kazi yetu ni kulinda shamba na kupeleka habari mapema, ili akija asikute mnyama aliyekwisha jeruhiwa.