Simu iliyotumika: kwa nini mnada wa mtandaoni unaweza kupita bei ya butiki

Tuseme mchimba zahabu wa Bambu anataka simu. Katika kundi la WhatsApp anaona picha ya Samsung iliyotumika, bei ya kuanzia dola 60. Muuzaji ameandika: atakayetaja bei ya juu mbele ya saa mbili za usiku ndiye ataichukua. Mchimba anaandika 65. Mwingine anaandika 75. Anarudi na 80. Zikibaki dakika tatu wako kwa 105, naye anamaliza na 110. Kundi lote linamtumia pongezi.

Juma linalofuata anashuka Bunia na kuikuta simu ya namna ileile, iliyotumika pia, kwenye butiki: dola 95. Tena mwenye butiki anakubali kuipokea ikileta shida. Dola 15 zimeenda bure, na bado hatujahesabu makato ya kutuma pesa kwa M-Pesa ao Airtel Money, wala pesa ya mtu wa pikipiki aliyeileta. Kama simu inatoka Kampala, ongeza na duwani ya Mahagi.

Tusiseme ni ujinga wa mtu mmoja. Mwaka 2011 watafiti wawili, Young Han Lee na Ulrike Malmendier, walitoa katika jarida la American Economic Review hesabu walizofanya juu ya eBay, soko la mnada la mtandaoni lililoanza Marekani mwaka 1995. Walifuata mchezo mmoja wa mezani ambao, kwa wakati uleule na kwenye soko lilelile, mtu aliweza kuununua kwa bei isiyobadilika. Katika kila minada 100, 42 iliishia juu ya bei hiyo. Bei ya chini ilikuwa karibu na macho yao, na bado waliipita. La kuchekesha ni kwamba mchezo wenyewe unafundisha watu kutunza pesa.

Waliopita bei walikuwa wachache, lakini mnada hauhitaji wengi. Mtu wa Bambu anaweza kulielewa hili kwa urahisi. Weka mfuko wa mawe ya zahabu mbele ya watu kumi, bila kusaga, bila mizani. Kila mmoja akadirie kuna gramu ngapi ndani, na atakayetaja pesa nyingi auchukue. Watano watakadiria chini, wengine karibu na ukweli. Ataushika nani? Yule aliyekadiria juu kuliko wote, na mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi. Wahandisi watatu wa petroli wa Marekani walilieleza jambo hili mwaka 1971, baada ya kuona makampuni yakilipa pesa nyingi mno kwa vipande vya bahari vya kutafuta mafuta. Siku hizi linaitwa laana ya mshindi.

Kuna pia moto wa mashindano. Ukishaongoza kwa saa nzima, unaanza kuiona simu kama yako, na yule anayepandisha unamwona kama mwizi. Wauzaji wengine wanalijua hilo, wanaweka ndugu zao ndani ya kundi wapandishe bei bila nia ya kununua. Kumkamata mtu wa namna hiyo ni vigumu, kwa sababu unaona namba ya simu tu.

Mnunuzi wa zahabu hatoi pesa Bambu mbele ya kujua bei ya Bunia inasemaje. Kwa simu pia, kupiga kwa mtu mmoja mwenye butiki kunagharimu vocha kidogo. Kisha andika pembeni bei yako ya mwisho, ukiwa umeshatoa makato na usafiri, mbele mnada haujaanza. Kama butiki ni 95 na njia inakula 8, kwako mwisho ni 87. Na kwa kuwa kitu cha mnada mara nyingi hakina garanti, shuka tena kidogo. Simu ikifika, piga *#06# uone kama namba inayotokea ni ileile ya kwenye karton, na mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako.

Kwa kipande cha motopompe ya zamani ambacho hakuna butiki ya Bunia inayokileta, hesabu inabadilika. Pale hakuna bei ya kulinganisha, na mashine ikisimama, timu nzima inakaa shimoni bila kazi. Dola chache za juu zinaweza kurudi kwa siku mbili.