Ukuta Usiohitaji Saruji

Hapa Uthiru, fundi akiona ufa katika ukuta wa mawe hukimbilia saruji. Simlaumu, ndivyo alivyofunzwa. Lakini dawa hiyo ingekuwa sumu kwa kuta za Thimlich Ohinga, huko Migori, zilizojengwa yapata karne ya 16 pasipo udongo wala chokaa, nazo zikatiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, madogo yakajaza katikati. Maji hupenya yakapita. Saruji ingeyaziba, ukuta upasuke. Mrekebishaji hana budi kujua jiwe lipi lakaa wapi, na ujuzi huo una maneno yake ya Kijaluo. Kuta zimepata ulinzi. Msamiati wa waashi, je? Natafuta wanafunzi wawili wa isimu, wenye daftari na viatu vigumu.