Je, Wajua? Mafuta yaliyokuwa yakiachwa ndani

Zamani saratani ya puru, mwisho wa utumbo mpana, ilirudi palepale kwa wagonjwa wengi waliokwisha kupasuliwa. Mwaka 1982 Bill Heald, daktari wa upasuaji wa Basingstoke, Uingereza, alionyesha chanzo: mafuta yanayoizunguka puru yalibaki na chembe za saratani. Yakitolewa yote, pamoja na utando wake, marudio hushuka chini ya mgonjwa 1 kati ya 10. Wala haikuwa dawa mpya, ni kisu na subira tu! Lakini mshono unaounganisha utumbo karibu na mkundu huweza kuvuja, ndiyo maana wagonjwa wengine huwekewa kwa muda tundu la choo tumboni. Baada ya upasuaji wengi pia hubanwa na choo mara kwa mara, hata kwa miaka. Mwambie daktari, usione haya.