Nani zaidi: Superman au aliyemwandika?

Ndugu zangu, mwanangu wa miaka 12 kanikalia kooni wiki nzima. Anasema Goku hamuwezi Superman, na Superman hamuwezi Mr. Mxyzptlk, kwa kuwa huyo katoka dunia ya vipimo vitano, na wa dunia ya juu hashindwi na wa chini. Nikamuuliza, na Liyongo je? Kacheka! Basi nikaona nikae nilichambue jambo lenyewe.

Hoja ya ngazi si ya kipuuzi. Mwingereza Edwin Abbott aliieleza mwaka 1884 katika kitabu chake Flatland. Fikiria viumbe wanaoishi ndani ya karatasi, wanajua mbele na nyuma, kulia na kushoto, lakini juu hawaijui. Ukijifungia ndani ya mistari minne, mwenzako wa karatasini hakuoni. Mimi niliye juu nakuona mpaka utumbo, na naweza kukutia kidole tumboni bila kugusa mlango. Mpira ukipita katika karatasi ile, wao wataona duara limezuka, likapanuka, likasinyaa, likatoweka. Wataita muujiza.

Mashabiki wakachukua hiyo wakapanga vyeo, na juu kabisa wakamweka mwandishi mwenye kalamu. Hapo ndipo ninapobishana nao. Kumfikia mtu si kumshinda. Huyo Mxyzptlk yupo tangu 1944 na anaweza kuugeuza mji mzima mchezo, lakini Superman akimhadaa akatamka jina lake kinyumenyume, anarudi kwao papo hapo. Ujanja wa Sungura mtupu! Hata Liyongo hakuangushwa na aliyemzidi nguvu, alichomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe.

Sasa njooni kwa Animal Man, toleo la 26 la mwaka 1990. Mwandishi Grant Morrison alijiingiza mwenyewe katika hadithi. Buddy Baker, ambaye mkewe na watoto wameshauawa, anafika kwake kumdai. Kwa hesabu ya ngazi hapo hakuna vita, maana hata hasira ya Buddy imeandikwa na huyo huyo anayekasirikiwa. Lakini toleo likiisha Buddy yuko nyumbani, na mke na watoto wapo hai. Morrison kawarudisha.

Mwanangu kasema, "Baba, hapo Buddy hakushinda, kahurumiwa tu."

Nikamuuliza, na huyo wa juu, huruma kaitiwa na nani?

Kanyamaza, kisha kaenda kula.